Wiki Nane za Mafunzo kwa Vitendo: Nani Anamkabidhi Mwanafunzi Kazi?

Ikifika Aprili, barua za utambulisho kutoka vyuoni huanza kurundikana mezani pangu. Maneno yake karibu ni yale yale: mkuu wa idara anamtambulisha mwanafunzi wake, anaomba apokelewe kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki nane kuanzia katikati ya Julai, kisha anatanguliza shukrani. Mimi ni mhandisi katika mamlaka ya maji ya mji wa wastani, na kwa miaka tisa sasa jukumu la kuwapangia wanafunzi hao kazi limekuwa langu. Mwaka jana barua zilizidi sitini, nasi tulikuwa na nafasi tano. Nilipokuwa nikizitenga mafungu mawili, la wachache tuliowaita na la wengi tuliowajibu kwa masikitiko, nilijiuliza ni wangapi kati yao, waliopata na waliokosa, waliokuwa wakijua hasa wanakwenda kutafuta nini.

Majina ya mafunzo haya ni mengi. Sisi wanafunzi wa uhandisi tuliyaita PT, kifupi cha Practical Training. Wenzetu wa ualimu walikwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Wengine wote walisema tu kwamba wanakwenda fildi. Wapo watarajali wa hospitalini, wapo wanagenzi wa vyuo vya ufundi, na wapo wahitimu wanaojitolea ofisini wakisubiri ajira. Mzazi anayelipa nauli hujiuliza ipi kati ya njia hizi ni bora, na mwanafunzi huuliza ofisi ipi ina jina kubwa zaidi. Kwa niliyoyapitia na niliyoyasimamia, nimeacha kuuliza jina. Nauliza mambo mawili tu: ikifika siku ya kumi, ni kazi gani ambayo mwanafunzi huyu asipoifanya itabaki haijafanywa; na ni nani anayesimama karibu naye kumsahihisha anapoikosea? Mafunzo yenye majibu ya maswali hayo mawili humjenga mtu, yaitwe kwa jina lolote.

Nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi ulianza kufundishwa mwaka 1973, na mpangilio wa mafunzo yetu ya vitendo niliuona kuwa wa busara tangu nilipoelezwa. Kila mwaka wa masomo ulipokwisha tulitoka kwa wiki nane, mara tatu kwa jumla. Mara ya kwanza tulitakiwa tufanye kazi ya fundi, mara ya pili kazi ya fundi sanifu, na mara ya tatu tuanze kuonja kazi ya mhandisi. Nia yake ilikuwa kwamba mtu asije akamwamuru fundi afanye jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulishika.

PT yangu ya kwanza niliifanyia karakana. Tulipewa kipande cha chuma na tupa, tukaambiwa tukibane kipande hicho kwenye jiliwa na kukisugua mpaka nyuso zake zote ziwe bapa na pembe zake ziwe za mraba. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba unaweza kutumia siku nne kunyoosha uso mmoja wa chuma chenye ukubwa wa sanduku la sabuni. Ukikandamiza tupa mwanzoni mwa mkono, upande mmoja unainama. Ukilegeza mwishoni, katikati panabaki mgongo. Mwalimu wetu wa karakana alikuwa akikiinua kipande mbele ya dirisha, anakiwekea kipimo cha pembe, na mwanga ukipita hata kwa wembamba wa unywele anakurudishia bila neno. Chuma kile kilinifundisha maana ya milimita moja, na mpaka leo mkandarasi akiniambia kwamba kosa la milimita tano si kitu, vidole vyangu vinamkatalia kabla ya mdomo.

PT ya pili ilikuwa kinyume chake. Nilipata nafasi katika kampuni moja kubwa ya jijini, na nyumbani walifurahi sana kwa sababu jina lake lilijulikana. Siku ya kwanza nilionyeshwa kiti katika chumba cha majalada. Siku ya pili nikaombwa kutoa nakala za nyaraka za zabuni, na siku ya tatu pia, na ya nne. Nilitoa nakala, nikabana kurasa, nikapeleka chai kwenye vikao ambavyo sikuruhusiwa kukaa, na kila nilipoomba kwenda eneo la ujenzi niliambiwa gari limejaa. Daftari langu la kumbukumbu za kila siku nililijaza kwa kunakili maelezo kutoka kwenye michoro niliyoikuta kabatini. Wiki ya nane msimamizi alikaa akatia sahihi kurasa zote kwa mkupuo mmoja, bila kusoma hata moja, akanipa alama za juu kuliko nilizozipata karakana. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka, kwa sababu nilikuwa na umri wa kujifunza haraka na wiki nane hazirudi. Sikuteswa wala kutukanwa na mtu yeyote mahali pale. Nilipoteza wakati wangu katikati ya watu wapole, na ndiyo maana sikujua hata namna ya kulalamika.

Mwaka uliofuata niliomba kwenda mbali na jiji. Baba yangu mdogo ndiye aliyenishauri. Yeye alikuwa wa kizazi kilichoguswa na Azimio la Musoma la mwaka 1974, wakati TANU, chama kilichotawala wakati huo, ilipoamua kwamba wanaomaliza kidato cha sita wasiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali watangulie kufanya kazi. Alikuwa karani wa ghala kwa miaka miwili kabla ya kusomea uchumi, na alikuwa akisema kwamba alipofika darasani na kusikia habari za akiba ya bidhaa, yeye aliona magunia. Utaratibu ule uliachwa baadaye, na najua ulikuwa na gharama zake, kwa maana wapo waliochelewa na wapo waliokata tamaa njiani. Lakini swali lake lilikuwa la haki: mtu atajifunza nini juu ya kazi ambayo hajaigusa? Baba mdogo aliniambia, "Mwanangu, nenda mahali ambapo watu ni wachache kuliko kazi. Hapo hawatakuwa na budi kukupa kitu."

Nikapata nafasi Makambako, mji ulioko kwenye njia panda ya barabara ya Mbeya na ile ya Njombe na Songea, ambako upepo wa Julai unapenya sweta mbili. Mhandisi alikuwa mmoja. Mchana alinipa kazi ya kupima na kuchora mtandao wa mabomba ya mtaa mmoja ambao mchoro wake ulikuwa umepotea, na usiku akanikabidhi kwa fundi mkuu wa mabomba, mzee ambaye alikuwa kazini tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja na mabuti?"

Sikuwa nayo. Akaniletea jozi yake ya akiba, namba 43, nami navaa 38. Nikajaza magazeti kwenye ncha, nikakaza soksi, tukaondoka.

Kazi ya usiku ilikuwa kutafuta maji yanayovuja chini ya ardhi pasipo kujitokeza juu. Hufanyika usiku kwa sababu watu wamelala, mabomba yao yamefungwa, msukumo kwenye mtandao umepanda, na hakuna magari ya kuharibu usikivu. Chombo chake kilikuwa nondo ya milimita 12, urefu wa kama mita moja na nusu, iliyopigwa bapa upande mmoja. Mzee aliisimamisha juu ya koki ya nyumba, akaweka sikio upande wa pili, akafumba macho. Kisha akanipisha.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Usitafute sauti ya maji. Tafuta sauti ya kitu kinachokaangwa mbali."

Ilinichukua usiku wa tatu kuisikia. Ilikuwa nyembamba sana, kama sufuria ya mafuta katika nyumba ya jirani wa jirani, na nilipoinua uso nikamkuta mzee ananitazama. Alijua tayari, alikuwa ameipita koki ile makusudi ili niifikie mimi. Tukaenda koki ya mbele, sauti ikapungua. Tukarudi nyuma, ikaongezeka. Tukaweka alama ya chokaa barabarani. Asubuhi vijana walichimba kwa sululu, na kina cha kifua kilipofikiwa tukakuta kiungo cha bomba la inchi sita kimepasuka kama kucha.

Ili kukata bomba lile ilibidi valvu ifungwe, nami nikapewa ufunguo wake, ule mrefu wenye umbo la herufi T. Niliuzungusha kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, kwa kuwa nilitaka waone kwamba msichana wa chuo si mvivu. Nilipokaribia mwisho bomba likapiga kishindo, mshindo ukapanda na chuma mpaka kwenye viwiko vyangu, na mzee akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Taratibu, binti yangu. Maji hayasimamishwi ghafla, yanaombwa. Valvu hii ina mizunguko ishirini. Kumi na tano ya kwanza haikati maji mengi. Ile mitano ya mwisho ndiyo yenyewe. Hapo uende kwa robo robo."

Nilikuwa nimesoma jambo lile. Nilikuwa nimelifanyia mtihani miezi mitatu kabla, nikakokotoa kwamba maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, yakizuiwa papo hapo, huongeza msukumo unaolingana na kimo cha maji cha kiasi cha mita 100, na nikapata alama zote za swali hilo. Isingenijia akilini kwamba hesabu ile ingenikuta nimesimama shimoni na ufunguo mkononi. Tangu siku hiyo nikifungua kitabu cha mtiririko wa maji, viwiko vyangu vinakumbuka. Na mzee, ambaye hakuwahi kuiona fomula ile, alikuwa na jibu lake kwa kila valvu ya mji ule, idadi ya mizunguko ikiwa kichwani mwake kama majina ya wajukuu. Miaka michache baadaye nilifurahi kusikia kwamba alipita kwenye utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, akapimwa kwa vitendo, akapewa cheti.

Nimeeleza habari hii kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna kila kitu ninachokitafuta ninapompokea mwanafunzi: kazi ya kweli, kosa la kweli, na mkono wa mtu juu ya mkono wako kabla kosa halijawa hasara. Sasa nikizitazama aina nyingine za mafunzo nazipima kwa kipimo hicho hicho.

Utarajali wa madaktari ndio ninaouona kuwa umekamilika zaidi. Baada ya miaka mitano ya shahada, daktari hufanya kazi hospitalini kwa miezi 12 akizunguka idara kubwa, akiandika dawa na kupokea zamu, huku daktari bingwa akipita wodini kumuuliza kwa nini ameamua hivi na si vile. Ni kazi yenye uzito, ina posho, na haiwezekani kusajiliwa kikamilifu bila kuipita. Wanasheria nao wana mwaka wao katika taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ambayo ilianzishwa kwa sheria mwaka 2007, na humo wanafunzi hupelekwa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili kabla ya kuapishwa. Kwa sisi wahandisi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa miaka mitatu kwa wahitimu tangu mwaka 2003, ambapo mhitimu huwekwa chini ya mhandisi mshauri na kuandika taarifa za kazi yake kwa vipindi. Tatizo ni kwamba yote haya huja baada ya shahada au mwishoni kabisa, mtu akiwa amekwisha kuamua maisha yake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anahitaji kuonja mapema, hata kama ni kwa ajili ya kugundua kwamba amepotea njia.

Upande wa walimu, upungufu niliouona ni wa namna nyingine. Mdogo wangu alipokwenda BTP katika shule moja ya kata mkoani Singida, alikuta mwalimu wa hisabati amehama na darasa la kidato cha pili lina wanafunzi zaidi ya themanini wanaomsubiri. Kazi alikabidhiwa saa ile ile alipofika. Aliandaa azimio la kazi, akaandika andalio la somo kila usiku kwa taa ya sola, akatengeneza zana kwa maboksi na vifuniko vya soda, na watoto walimpenda. Lakini wa kumsahihisha hakuwepo. Mkufunzi kutoka chuoni alifika mara mbili, akaketi nyuma ya darasa dakika arobaini, akajaza fomu na kuondoka kuwahi shule nyingine. Mdogo wangu aligundua mwenyewe, tayari wiki ya sita, kwamba alikuwa akiwauliza maswali watoto wa safu tatu za mbele tu. Mwalimu mzoefu angemwambia siku ya pili. Mwanafunzi aliyekabidhiwa darasa bila msimamizi hujifunza kwa gharama ya watoto wa watu, na jambo hili sidhani kwamba tunalitazama kwa uzito unaostahili.

Njia ninayoitamani isambae ni ile ya kubadilishana darasa na kazi tangu mwanzo. Mfano wake wa zamani unatoka Marekani, Chuo Kikuu cha Cincinnati, ambako mwaka 1906 Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi waliokaa darasani wiki moja na kufanya kazi kiwandani wiki iliyofuata, zamu kwa zamu, wakilipwa kwa kazi yao. Ujerumani imeifanya njia ya kufanana na hiyo kuwa kawaida kwa mafundi wake, na hapa kwetu VETA imeipa jina zuri la uanagenzi pacha: kijana ni mwanafunzi wa chuo na papo hapo ni mwanagenzi wa karakana au hoteli, na mwalimu wa chuo na fundi wa kazini wanamjua wote wawili. Uzuri wake ni kwamba swali linalozuka kazini Ijumaa linafika darasani Jumatatu likiwa bado la moto. Katika wiki zetu nane za mkupuo, mwanafunzi akikutana na jambo asilolielewa hulibeba mpaka Oktoba, na mara nyingi likifika huko limekwisha kufa.

Wiki nane zenyewe pia zina shida ya msimu. Vyuo karibu vyote huwatoa wanafunzi kati ya Julai na Septemba, kwa hiyo ofisi moja hufurika kwa miezi mitatu na kukauka kwa miezi tisa. Mwezi Februari mimi nina kazi ya kupima mabomba inayowatosha wanafunzi kumi, na sina hata mmoja. Agosti nina watano na madawati matatu. Laiti vyuo vingepokezana misimu, nadhani nusu ya wale tuliowajibu kwa masikitiko wangepata mahali.

Kuna ujuzi mwingine ambao wanafunzi wenyewe huuficha, kana kwamba ni aibu. Miaka minne iliyopita alikuja binti ambaye wasifu wake ulikuwa na kozi za kompyuta tu. Siku ya pili ghalani nilimsikia akimsaidia mtunza ghala kutofautisha vifaa vilivyochanganyika, elbo, tii, nipo, soketi na yunioni, kwa kuvigusa tu bila kusoma alama. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amekulia katika duka la baba yake la vifaa vya ujenzi na kila likizo alikuwa kaunta. Nilimwambia aende akauandike wasifu ule upya jioni hiyo hiyo. Aliyeuza duka, aliyefunga injini kwa mjomba, aliyesimamia kibarua cha shambani na kulipa watu Jumamosi, ana uzoefu wa kazi, na msimamizi mwenye akili atautafuta huo kabla ya kutazama alama.

Kuhusu kujitolea nitasema kwa ufupi. Ni jambo jema likiwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua na mtu aliyetajwa kuwa msimamizi. Bila hayo mawili, nimeona wahitimu wakikaa mwaka wa pili na wa tatu wakifanya kazi kamili ya mtu ambaye hajaajiriwa, wakilipa nauli kwa fedha za mama zao. Hiyo si sehemu ya mafunzo, na mwajiri anayeijua hali hiyo na kunyamaza anafanya dhuluma.

Nauli na chakula ndizo zinazoamua mengi kuliko tunavyokiri. Kwa mwanafunzi mwenye mkopo, mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukitaja fedha za mafunzo kwa vitendo hadi siku 56, ambazo ndizo wiki nane zenyewe, kwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa kiasi hicho mtu anaweza kupanga chumba na kula katika mji mdogo, lakini jijini anaishia kwenye daladala. Asiye na mkopo hulazimika kuomba nafasi karibu na nyumbani kwa ndugu, iwepo kazi ya kujifunza au isiwepo. Kwa hiyo ninapomshauri mwanafunzi aende wilayani, simshauri kwa sababu ya kupenda shida. Huko chumba ni nafuu, mhandisi ni mmoja au wawili, na kazi haitaruhusu akae kwenye majalada.

Nami kwa upande wangu najitahidi kila anayefika apate kitu chake. Mwaka juzi alikuja kijana wa mwaka wa pili ambaye wiki ya kwanza alionekana kukata tamaa kwa kuwa alitarajia kukaa kwenye kompyuta. Nilimpa mtaa mmoja wenye dira za maji 43, ndoo ya lita 20 iliyopimwa, na daftari. Kazi yake ilikuwa kwenda kila nyumba, kuomba ruhusa, kusoma dira, kujaza ndoo, kusoma dira tena, na kuandika tofauti. Fundi wa mtaa alifuatana naye siku mbili za mwanzo, na kila saa kumi jioni alikuja kwangu tukapitia namba.

Siku ya tano alikuja na daftari lililolowa na uso wenye maswali. Katika nyumba moja koki ilikuwa imeziba, maji yakitoka kama uzi, na ndoo ilichukua robo saa kujaa. Dira ilisoma lita 13. Akadhani ni mbovu. Jirani alikuwa na dira ya umri ule ule iliyosoma lita 20 kamili, hivyo akarudi kwa jirani, akaifungua koki kidogo sana, akajaza ndoo upya. Ikasoma 14.

"Injinia," akaniambia, "dira hizi hazikosei maji yakiwa mengi. Zinakosea yakiwa machache."

Nilimuuliza: ni nyumba zipi ambazo maji huingia kidogo kidogo kwa muda mrefu? Alifikiri, akatazama dirishani, kisha akasema, "Zenye matangi juu. Boya likikaribia kufunga, maji yanaingia kwa uzi usiku kucha." Sikumwambia mimi. Dira za zamani zenye gurudumu lililochakaa ndivyo zilivyo. Mtiririko mdogo hauna nguvu ya kulizungusha, na maji hupita pasipo kuhesabiwa. Tulikuwa tukibadilisha dira kwa kufuata umri tu. Baada ya daftari lile tulianza na nyumba zenye matangi, na orodha ya kwanza ya kubadilishwa ilikuwa kwa mwandiko wake.

Katika daftari la kumbukumbu za kila siku sasa nawataka wanafunzi wote waandike angalau namba moja waliyoipima wao wenyewe siku hiyo, pamoja na mahali na saa. Nalisoma kila Ijumaa na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Linanichukua saa mbili ambazo sina, na baadhi ya wenzangu wanaona najichosha bure, lakini siwezi kumtilia mtu sahihi kwa kurasa ambazo sikuzisoma.

Barua za mwaka huu zimekwisha kufika. Watano watakaopokelewa wataripoti Julai, na safari hii wawili ni wasichana. Nimekwisha peleka maombi ya vifaa kwa afisa ugavi: kofia ngumu tano, makoti ya kuakisi mwanga matano, nondo mbili za milimita 12 zipigwe bapa upande mmoja, na jozi tano za mabuti ya mpira, mbili kati yake ziwe namba 38.